Mawazo ya kutisha baada ya kujifungua: jinsi mtaalamu mwenye huruma anavyotibu OCD

Mama ana mtoto wa wiki 5. Yuko jikoni anakata vitunguu, mtoto amelala chumbani. Ghafla linamjia wazo: "Itakuwaje nikimchoma mwanangu kwa kisu hiki?" Moyo unamwenda mbio. Anaweka kisu chini na kutoka jikoni akitetemeka. Tangu siku hiyo kisu kile kinafichwa juu ya kabati. Baada ya siku chache visu vyote vinafichwa. Kisha beseni la kuogea nalo linaanza kumtisha, kwa hiyo anamwomba mdogo wake amwogeshe mtoto. Usiku, badala ya kulala, anapitia kichwani kila kitu alichofanya mchana ili awe na hakika kwamba hakumdhuru mtoto. Hajamwambia mtu. Anaogopa kwamba akisema, ataonekana mwendawazimu au atanyang'anywa mtoto.

Mfano huu si habari ya mtu mmoja. Tumeutunga kutokana na mambo ambayo akina mama wenye tatizo hili huyaeleza mara nyingi. Kama unajiona ndani yake, au unamwona binti yako, mke wako au dada yako, soma hadi mwisho. Tatizo hili lina jina, na lina tiba.

OCD ni nini?

OCD ni ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Kati ya watu 100, mtu 1 hadi 3 huupata wakati fulani maishani. Una sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni mawazo, picha au misukumo inayoingia kichwani bila kuitwa na kuleta hofu, kinyaa au aibu. Mtu hayapendi mawazo hayo na hujaribu kuyafukuza.

Sehemu ya pili ni matendo ambayo mtu hujiona analazimika kuyafanya ili hofu ipungue. Mengine yanaonekana kwa macho: kunawa mikono mara nyingi, kuangalia kama mlango umefungwa, kuamka kila dakika chache kusikiliza kama mtoto anapumua, kuchemsha chupa ile ile mara 4. Mengine yamejificha: kuhesabu kimoyomoyo, kurudia maneno fulani, kupitia tena mambo yaliyopita, au kuuliza watu swali lile lile ili kuhakikishiwa.

Kila mzazi huangalia mtoto wake usiku, na kila mtu husahau kama alifunga mlango. Hilo halitoshi kuitwa ugonjwa. Huwa OCD pale mawazo na matendo yanapokula muda mwingi, kwa kawaida zaidi ya saa 1 kwa siku, au yanapomtesa mtu na kumzuia kufanya shughuli zake za kila siku.

Kwa nini huja wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua?

OCD inaweza kuanza utotoni, katika ujana au ukubwani. Lakini ujauzito na miezi ya kwanza baada ya kujifungua ni kipindi ambacho huanza au huongezeka kwa baadhi ya wanawake. Homoni hubadilika kwa kasi, usingizi hupungua, na ghafla mama ana jukumu la uhai wa kiumbe asiyeweza kujitetea. Urithi wa familia pia unachangia. Mama hakujiletea ugonjwa huu, na haumaanishi kwamba imani yake ni haba au kwamba hampendi mtoto.

OCD hushika kile ambacho mtu anakijali zaidi. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, ni mtoto. Ndiyo maana mawazo huwa ya kumwangusha, kumzamisha, kumziba pumzi, kumchoma au kumgusa isivyofaa. Haya ya mwisho ndiyo ambayo akina mama huona aibu zaidi kuyataja, na mtaalamu wa ugonjwa huu anayafahamu.

Kuwaza si kutaka

Mwaka 1978 wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wa kawaida, wasio na ugonjwa wa akili, kama huwa wanapata mawazo wasiyoyataka, yakiwemo ya kuwadhuru wengine. Takriban 8 kati ya 10 walisema ndiyo. Mawazo yao yalifanana na ya wagonjwa wa OCD. Tofauti ilikuwa kwamba kwao yalipita upesi na hayakuwasumbua sana.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008 na Nichole Fairbrother na Sheila Woody wa Kanada, uliwahusu akina mama waliojifungua karibuni. Karibu nusu yao walisema wamewahi kupata wazo wasilolitaka la kumdhuru mtoto kwa makusudi.

Kwa hiyo wazo lenyewe ni jambo la kawaida. Mama mmoja husema moyoni, "Lo, wazo gani hili!" na kuendelea kukata vitunguu. Mwingine hulichukua kuwa ni habari kumhusu yeye: "Kama nimewaza hivi, basi huenda mimi ni mtu hatari." Hapo ndipo OCD huanza kujenga nyumba.

Dalili za hatari ambazo ni tofauti na OCD

Mama mwenye OCD anatishwa na mawazo yake, anayachukia, na hufanya kila awezalo kumlinda mtoto. Kuna ugonjwa mwingine, wa nadra, unaompata mama 1 hadi 2 kati ya kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki chache za mwanzo. Huo ni saikosisi ya baada ya kujifungua, na ni dharura. Mpeleke mama hospitali siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake na mtoto, ukiona:

- anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- anaamini mambo yasiyo ya kweli, kwa mfano kwamba mtoto ni wa shetani au kwamba ameagizwa kufanya jambo fulani;
- hajalala kwa siku kadhaa na hata hivyo hahisi uchovu;
- amechanganyikiwa, au tabia yake imebadilika ghafla kupita kiasi;
- mawazo ya kumdhuru mtoto hayamtishi, bali anayaona kuwa sawa au ya lazima.

Pia nenda hospitali haraka kama mama anasema afadhali afe, au anafikiria kujiua. OCD huandamana mara nyingi na sonona, na mama anayejiona mbaya anaweza kufika mahali pa kukata tamaa.

Mtaalamu mwenye huruma hufanya nini?

*Kwanza, anasikiliza bila kushtuka.* Kwa mama wengi, siku ya kwanza ya kusema wazo kwa sauti ndiyo ngumu kuliko zote. Mtaalamu mzuri anajua hilo. Hamkatizi, hakunji uso, wala hakimbilii kalamu. Anaweza kusema: "Asante kwa kuniambia, mama. Najua haikuwa rahisi. Mawazo ya namna hii yanafahamika, na yana tiba." Kisha anauliza maswali kwa upole ili ajue kama ni OCD, sonona au jambo jingine. Mtaalamu anayeujua ugonjwa huu haoni mawazo haya kuwa sababu ya kumtenga mama na mtoto wake. Kinyume chake, tiba humsaidia mama awe karibu zaidi na mtoto.

*Pili, anachora mzunguko.* Mtaalamu na mama huchukua karatasi na kuandika kinachotokea: wazo linakuja, hofu inapanda, mama anafanya tendo la kujituliza (anaficha kisu, anauliza, anarudia kichwani), hofu inashuka kidogo. Lakini ubongo umejifunza somo lisilo sahihi: "Mtoto amesalimika kwa sababu nilificha kisu." Kesho wazo linarudi likiwa na nguvu zaidi. Mama anapouona mzunguko huu kwenye karatasi, anaanza kuelewa kwamba anapambana na ugonjwa, wala si na ubaya uliojificha ndani yake.

*Tatu, anamsaidia kukabili hofu hatua kwa hatua.* Hii ndiyo tiba ya saikolojia yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa OCD. Mizizi yake ya kisasa iko kwa mwanasaikolojia Victor Meyer wa Hospitali ya Middlesex, London, ambaye mwaka 1966 alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa 2 kwa kuwakutanisha na kile walichokiogopa huku wakijizuia kufanya matendo yao ya kujirudia. Mgonjwa hukaa na hofu bila kuikimbia na bila kufanya tendo la kujituliza, mpaka ubongo ujifunze kwamba hofu inaweza kuvumilika na kwamba jambo baya halikutokea.

Mtu akisikia maelezo haya anaweza kudhani tiba ni ya kikatili. Hapa ndipo huruma inapohitajika. Mtaalamu hamsukumi mama. Wanapanga pamoja ngazi yenye vidato, kuanzia kidogo kinachotisha kwa kiasi hadi kile kinachotisha sana, na mama ndiye anayeamua lini apande. Kwa mama wa mfano wetu, ngazi inaweza kuwa hivi:

1. Kuandika neno "kisu" kwenye karatasi na kulitazama mpaka hofu ianze kupungua.
2. Kukirudisha kisu kimoja kwenye droo ya jikoni.
3. Kukata mboga mtoto akiwa chumba kingine na mtu mwingine.
4. Kukata mboga mtoto akiwa chumba kingine, bila mtu mwingine nyumbani.
5. Kukata mboga mtoto akiwa amelala sehemu salama pale pale jikoni.
6. Kumwogesha mtoto mwenyewe, huku dada akiwa nje ya mlango.
7. Kumwogesha mtoto mwenyewe kama mama mwingine yeyote.

Katika kila kidato, mama anaacha kufanya tendo lake la kujituliza. Haombi kuhakikishiwa, harudii kichwani, hakimbii. Wazo likija, analiacha lipite kama mlio wa pikipiki barabarani: unausikia, huufuati. Utaona kwamba hakuna kidato kinachomweka mtoto hatarini. Vyote ni mambo ambayo mama wa kawaida huyafanya kila siku. Lengo ni kumrudishia mama maisha aliyonyang'anywa na hofu.

*Nne, anamfundisha mama kujihurumia.* Wenye OCD wengi hujisema vibaya kuliko adui anavyoweza kuwasema: "Mama gani wewe? Hufai." Mwanasaikolojia wa Uingereza Paul Gilbert alijenga aina ya tiba inayoweka mkazo kwenye huruma kwa ajili ya watu waliozama katika aibu na kujilaumu, na wataalamu wengine huichanganya na tiba ya kukabili hofu. Swali moja wanalopenda kuuliza ni hili: "Kama dada yako angekuja kwako na mawazo haya haya, ungemwambia nini?" Mara nyingi mama hujibu papo hapo, kwa upole. Kisha anaombwa ajiambie yeye mwenyewe maneno hayo hayo. Mwanzoni huona ajabu. Polepole sauti ya ndani inalainika, na mtu anayejisemesha kwa upole hupata nguvu ya kupanda kidato kingine.

Kwa nini mtaalamu hakuhakikishii kila unapouliza?

Jambo hili huwachanganya wengi, na huweza kuonekana kama ukosefu wa huruma. Tuchukue mazungumzo ya mfano.

"Daktari, niambie kweli. Siwezi kumdhuru mwanangu, sivyo?"

"Mama, swali hilo umejiuliza mara ngapi leo?"

"Labda mara ishirini."

"Na ulipojibiwa, jibu lilikaa moyoni kwa muda gani?"

"Dakika chache. Halafu wasiwasi ukarudi."

"Basi nikikujibu mara ya ishirini na moja, nitakuwa nimeulisha wasiwasi, na wewe nimekuacha na njaa. Najua inauma kukaa bila jibu. Tukae hapa pamoja, tuone hofu itafanya nini tusipoikimbia."

Mtaalamu alishamweleza mama ukweli kuhusu OCD siku ya kwanza. Hayo ni maelezo, na kila mgonjwa anastahili kuyapata. Lakini kurudia jibu lile lile mara kwa mara ni sehemu ya ugonjwa, sawa na kunawa mikono mara 30. OCD hutaka uhakika wa asilimia 100, na maishani hakuna mwenye uhakika huo, awe mgonjwa au mzima. Mtaalamu mwenye huruma hakuachi peke yako ndani ya shaka. Anakaa nawe humo mpaka uone kwamba unaweza kuishi nayo.

Dawa

Kwa wengine tiba ya mazungumzo inatosha. Wengine huhitaji dawa, au vyote viwili. Dawa zinazotumika kwanza ni zile zinazotumika pia kutibu sonona, kwa mfano sertraline na fluoxetine. Mambo ya kukumbuka:

- Kwa OCD dawa huchukua muda. Inaweza kufika wiki 8 hadi 12 kabla ya kuona nafuu kamili, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.
- Dozi ya OCD mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona. Daktari huipandisha kidogo kidogo.
- Usiache dawa ghafla kwa sababu umejisikia vizuri. Ongea na daktari kwanza.
- Kama unanyonyesha au una mimba, mwambie daktari. Baadhi ya dawa, sertraline ikiwemo, huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na akina mama wengi huendelea kunyonyesha wakiwa kwenye tiba.

Familia ifanye nini?

Wanafamilia huingia ndani ya OCD bila kujua, tena kwa sababu ya upendo. Baba anaangalia mlango mara 5 ili mkewe apate amani. Mama mkwe anajibu swali lile lile mchana kutwa. Mdogo mtu anamwogesha mtoto kila siku. Kila msaada wa aina hii huleta utulivu wa muda mfupi na kuupa ugonjwa mzizi mrefu.

Msikate misaada hiyo yote kwa siku moja, wala msimwache mgonjwa kwa ukali. Kaeni naye, pamoja na mtaalamu ikiwezekana, mkubaliane cha kupunguza kwanza. Akiuliza tena, unaweza kusema: "Naona wasiwasi umekubana, pole sana. Tulikubaliana nisilijibu swali hilo. Nipo hapa nawe." Maneno hayo yana upole, na hayalishi ugonjwa.

Mambo mengine yanayosaidia:

- Shikeni zamu za usiku ili mama alale. Kukosa usingizi huongeza makali ya OCD.
- Msimwambie "acha kufikiria hayo." Wazo linalofukuzwa hurudi mbio. Jaribu sasa hivi kutomfikiria kabisa punda mwekundu, utaona.
- Msimtangaze kwa majirani. Siri yake ni yake.
- Sifuni hatua ndogo. Leo amekata nyanya mwenyewe? Hilo ni kubwa.

Kama mgonjwa ni mtoto wako, mambo ni yale yale. Mtoto anayefuta daftari mpaka linatoboka, au anayekulazimisha umuage kwa maneno yale yale mara 7 kabla ya kulala, huenda hana ukaidi. Fimbo haitibu OCD. Inamfundisha tu kuificha.

Kuhusu dini na wasiwasi

Ugonjwa huu unaweza pia kuvaa vazi la ibada. Mtu anarudia udhu mara nyingi kwa shaka kwamba haukutimia, au anaungama dhambi ile ile kila siku bila kupata amani. Kwa Waislamu jambo hili lina jina la zamani, wasiwasi, na mafundisho yanamwelekeza mtu asiufuate. Kiongozi wa dini mwenye hekima anaweza kuwa msaada mkubwa, kwa mfano kwa kumwambia muumini kwamba udhu wa mara moja unatosha. Sala na tiba havigombani. Ila mtu asifungwe, asipigwe wala asinyimwe chakula kwa jina la kumwombea, na asikatazwe kwenda hospitali.

Uanzie wapi?

Anza na mtu mmoja unayemwamini. Kisha nenda kwenye kliniki ya mama na mtoto au kituo cha afya kilicho karibu, uombe kumwona anayehusika na afya ya akili. Hospitali nyingi za mikoa na rufaa zina huduma hiyo. Hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala hutibu magonjwa ya akili.

Si kila mhudumu anaijua OCD vizuri. Ukikutana na anayekuogopesha au kukugombeza, usikate tamaa, tafuta mwingine. Kama ulimi unakuwa mzito, andika kwenye karatasi na umpe: "Ninapata mawazo ya kumdhuru mtoto wangu. Siyataki na yananitisha. Nadhani ni OCD. Naomba msaada." Sentensi hizo chache zinatosha kuanzia.

Unapomtafuta mtaalamu, muulize: "Umewahi kutibu OCD? Unatumia tiba ya kukabili hofu hatua kwa hatua?" Una haki ya kuuliza.

Kupona hakumaanishi kwamba wazo halitakuja tena kamwe. Linaweza kupita siku moja ukiwa jikoni, kama linavyopita kwa mama wengine. Tofauti ni kwamba utaendelea kukata vitunguu, mtoto akilia utanawa mikono mara moja, na utakwenda kumbeba.